Sahihi ya Polisi na Miaka Saba ya Viza ya U

Kisu kilikuwa cha kukunja, mpini wake wa manjano. Nakumbuka rangi ile kuliko sura ya aliyekishika. Ilikuwa Februari 2016, saa tisa usiku, kwenye kituo cha mafuta katika kitongoji kimoja cha Houston, Texas, nilikokuwa nikifanya zamu ya usiku na kulipwa mkononi. Fedha za droo hazikufika hata dola mia mbili. Nilimpa zote, mikono nimeinua. Alikwishageuka kuondoka, kisha akarudi, akanikata kiganja cha kushoto na kunichoma ubavuni. Mpaka leo kidole cha pete na kile cha mwisho havikunjiki.

Pale sakafuni sikuwaza kifo. Niliwaza nitoke kwa mlango wa nyuma kabla polisi hawajafika. Viza yangu ya mwanafunzi ilikufa mwaka 2012, ada iliposhindikana na chuo kikanifuta. Kwa miaka minne nilikuwa nikiishi kwa kukwepa: sisimami penye ugomvi, siendeshi gari usiku, simfungulii mlango nisiyemjua. Na kwetu Tanga nililelewa nikijua kwamba polisi si mahali pa mtu kwenda kwa miguu yake mwenyewe. Dereva wa lori aliyeingia kununua kahawa ndiye aliyepiga namba ya dharura, 911, na kunifunga kiganja kwa fulana yake. Asingeingia yeye, ningeondoka.

Mwenye kituo alifika kabla sijapakiwa kwenye ambulensi. Aliniinamia sikioni akasema, "Waambie ulikuwa mteja." Alikuwa anaogopa kuulizwa kwa nini ana mfanyakazi asiye na kibali, na mimi nilikuwa nakula kwa mkono wake. Afisa aliponihoji hospitalini nilinyamaza kwanza. Halafu nikamwambia kweli: nafanya kazi pale, naingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Sitasema ulikuwa ujasiri, nilikuwa nimechoka tu. Lakini jibu lile ndilo lililolibeba ombi langu la viza ya U, viza ya Marekani kwa wahamiaji walioumizwa na uhalifu na kusaidia polisi, kwa sababu kamera ya dukani ilinionyesha nyuma ya kaunta. Ningesema nilikuwa mteja, kila neno langu la baadaye lingekuwa neno la mwongo.

Afisa yule hakuniuliza makaratasi yangu. Mwaka uliofuata Texas ilipitisha sheria ya SB 4, iliyowatia watu wetu hofu kubwa kwa sababu inamruhusu polisi kumuuliza mtu aliyemshikilia kuhusu hali yake ya uhamiaji. Wachache sana waliosoma kifungu kinachowahusu mwathirika na shahidi. Watu hao wawili polisi hatakiwi kuwauliza, isipokuwa swali ni la lazima kwa upelelezi, au anataka kuwaeleza kuhusu viza za kuwalinda wanaosaidia polisi. Sheria ile ile iliyotukimbiza ilikuwa imeitaja viza hii ndani yake, na sisi hatukujua.

Bunge la Marekani liliianzisha viza hii Oktoba 2000, pamoja na viza ya T ambayo ni ya watu waliosafirishwa na kutumikishwa. Kanuni za U hazikutoka mpaka 2007. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuishi bila makaratasi: mhalifu anajua huwezi kwenda kushtaki. Mume anajua. Mwajiri anajua. Jambazi anajua kwamba kijana wa zamu ya usiku mwenye lafudhi ya mbali huenda asipige simu. Serikali ilikuwa inapoteza mashahidi, na wahalifu walikuwa wanatuchagua.

Nilichochelewa kuelewa, na ninachoona bado kinawachanganya wengi, ni kwamba viza hii hailipi maumivu. Ingekuwa inalipa maumivu, kovu langu lingetosha. Inamlinda mtu aliyeumizwa vibaya, mwilini au akilini, na kosa mojawapo kati ya yaliyotajwa na sheria, akawa anajua jambo kuhusu kosa hilo, na akasaidia, anasaidia, au yuko tayari kusaidia upelelezi au mashtaka. Na msaada huo lazima uthibitishwe kwa maandishi na mwenye mamlaka: polisi, mwendesha mashtaka, jaji, au idara nyingine yenye kazi ya kupeleleza kosa la namna hiyo. Karatasi hiyo ni Nyongeza B ya fomu I-918. Bila sahihi juu yake hakuna ombi, hata uwe umepoteza mguu.

Mimi nilikuwa nasaidia bila kujua kwamba nasaidia. Siku ya nne baada ya tukio, mpelelezi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alinipigia. Alikuja hospitalini na kadi yake, nyuma ameandika namba ya kesi kwa kalamu ya wino. Baada ya wiki mbili akanionyesha picha sita za watu, akanitaka nisikisie. Sikuwa na hakika, nikamwambia sina hakika. Aprili simu yangu ilizimwa kwa kukosa malipo, nikapanda basi mbili kwenda kituoni kumpa namba mpya. Niliona ni adabu tu, mtu akikushughulikia usimpoteze. Miezi mingi baadaye, wakili wangu alipoipata nakala ya jalada, mstari ule ulikuwamo: mwathirika amefika mwenyewe kuleta namba mpya ya simu. Nilipousoma nililia, na sioni aibu kusema.

Mshtakiwa alikamatwa Mei, akakiri kosa kabla ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo sikusimama mahakamani. Wakili aliniambia kwamba hata asingekamatwa kamwe, ombi langu lingeweza kusimama. Kinachopimwa ni wewe umefanya nini ulipoitwa. Kesi kuishaje ni jambo lingine.

Kuna msaada mwingine nilioupata kwa bahati, na inaniuma kwamba watu wanaukosa. Mwanamke anayeshughulikia waathirika pale kituo cha polisi alinipa fomu ya mfuko wa fidia kwa waathirika wa uhalifu, unaosimamiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Texas. Hauulizi uraia. Unataka uwe umeripoti kosa na kushirikiana na polisi, na uombe ndani ya miaka mitatu. Bili ya upasuaji wa kiganja, ambayo nilikuwa nimeikunja na kuificha chini ya godoro, ililipwa na mfuko ule.

Kabla sijampata wakili wa kweli nilipotea njia. Kuna mtu katika jumuiya yetu aliyekuwa anajaza fomu, ana muhuri, watu wanamheshimu. Alinitoza dola 800 za kuanzia na kuniambia atanitengenezea hadithi ya ukimbizi. Kisu hakukitaja kabisa. Muhuri ule ulikuwa wa kushuhudia sahihi tu, na Marekani mtu mwenye muhuri wa namna hiyo si wakili. Nilimwachia fedha zangu, nikashukuru Mungu kwamba hakuwa amepeleka kitu chochote chenye jina langu. Wakili niliyempata Agosti 2016 alikuwa wa shirika la msaada wa kisheria, na hakunidai. Kwa fomu ya I-918 serikali nayo haidai ada.

Kwenye chumba cha kusubiri cha ofisi ile niliwaona wengi wetu. Wengi walikuwa wanawake, na wengi wao walikuwa wamepigwa nyumbani. Dada mmoja kutoka Kisumu, tuliyekutana pale mara tatu, alikuwa anaamini kwamba akifungua mdomo mumewe atapigiwa simu na uhamiaji. Wakili alimwonyesha sheria: watumishi wa serikali wamekatazwa kumpa mtesaji habari za ombi la aliyemtesa. Tena kwa yule ambaye mumewe ni raia au ana grinikadi, ipo njia nyingine, ombi la VAWA, sheria ya kuwalinda wanaoteswa nyumbani, kwa fomu I-360, ambalo halihitaji sahihi ya polisi. Dada yule alikuwa amevumilia miaka sita kwa kukosa habari hiyo moja.

Sahihi yangu haikuja kwa urahisi. Oktoba 2016 idara ya polisi iliturudishia karatasi bila sahihi. Maelezo yalikuwa mstari mmoja: unyang'anyi haumo katika orodha ya makosa ya viza ya U. Na ni kweli haumo. Orodha inataja ukatili wa nyumbani, ubakaji, utekaji, utumikishaji, shambulio kubwa la kudhuru mwili, kumtisha shahidi na mengineyo, wala unyang'anyi hautajwi kwa jina. Ripoti ya kwanza ya polisi ilikuwa imebeba neno hilo moja juu ya ukurasa, na mwenye kusaini hakusoma chini yake.

Nilikata tamaa kabisa. Wakili hakukata. Alichukua sheria ya jinai ya Texas, akachukua rekodi za hospitali, akaandika barua ya kurasa nne akionyesha kwamba mtu aliyekwishapewa fedha, kisha akarudi na kumchoma kisu aliyempa, ametenda pia shambulio la silaha, na mpelelezi alilipeleleza shambulio hilo: alipiga picha majeraha, alichukua kisu, aliongea na daktari. Kilichotendeka kilikuwa kikubwa kuliko jina lililoandikwa juu ya ripoti. Alimpigia mpelelezi, na yule mama akaandika maelezo ya ziada kwa mkono wake. Januari 2017 karatasi ilirudi na sahihi. Ilikuwa ya wino wa buluu, kichwa kidogo cha herufi na mkia mrefu. Niliikodolea macho nikiwa nimesimama.

Bado siridhiki na jambo moja, na nitalisema wazi. Kutoa sahihi ile ni hiari ya idara yenyewe. Tangu 2016 California ina sheria inayozilazimisha idara kushughulikia maombi haya kwa muda maalumu na kuyatendea haki. Texas hatukuwa nayo. Mtu aliyechomwa kisu upande mmoja wa barabara anaweza kupata sahihi, na wa upande wa pili, kwenye mamlaka ya idara nyingine, akanyimwa. Viza ni ya nchi nzima, lakini mlango wake umeshikwa na mkuu wa polisi wa kitongoji.

Sahihi nayo ina umri. Ombi lazima lifike ndani ya miezi sita tangu siku iliposainiwa, na miezi ile sita ilikimbia. Tulisubiri rekodi za daktari. Tulisubiri ripoti ya mtaalamu wa saikolojia. Kilichotuchelewesha zaidi kilikuwa maelezo yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwa Kiingereza, nusu ukurasa: alikuja, alichukua fedha, alinichoma, nilipelekwa hospitali. Wakili alisoma akaniuliza kama ninaweza kuandika kwa lugha yangu. Mkalimani wao alikuwa mama kutoka Bukavu, Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Tanga vinapishana huku na huku lakini tulielewana vizuri. Aliniambia, "Andika vile ungemwambia mama yako kama angekuwa amekaa hapa."

Nikaandika usiku mzima. Niliandika kuhusu kengele ya mlango. Mlango wa duka lile ulikuwa na kengele ndogo ya umeme, inalia kila anapoingia mtu, na kwa mwaka mzima baada ya kupona sikuweza kuingia duka lolote lenye kengele ya namna ile. Nilikuwa nasimama nje mpaka atoke mtu mlango ukiwa wazi, nipite bila kusikia. Niliandika kwamba sikuwa nashika sahani kwa mkono wa kushoto mbele za watu. Niliandika kwamba nilimficha mke wangu miezi minne, nikimwambia kwenye simu kwamba kamera imeharibika. Sikuwahi kumwambia mtu hayo. Yalitoka kwa Kiswahili, kurasa saba, na mama wa Bukavu akazitafsiri bila kupunguza neno.

Bahasha ilifika kituo cha uhamiaji cha Vermont siku chache kabla miezi sita haijatimia. Ndani yake lilikuwamo pia ombi la kusamehewa makosa yangu ya uhamiaji, fomu I-192, na fomu za mke wangu na binti yangu waliobaki Tanga. Mwombaji wa miaka 21 au zaidi anaweza kumwombea mke au mume, na watoto wasioolewa walio chini ya miaka 21. Binti yangu alikuwa na miaka minane. Nilimwacha na mwaka mmoja na nusu.

Kisha ikaja stakabadhi yenye namba inayoanza na EAC, alama ya kituo kile cha Vermont, na baada ya stakabadhi ukaja ukimya.

Sheria inaruhusu viza za U 10,000 tu kwa mwaka wa fedha, bila kuhesabu wategemezi, na maombi yanayosubiri yalipita laki moja zamani. Kwa miaka karibu mitano sikuwa na kibali cha kazi. Nilijua nina haki na bado nilikuwa nafagia maghala kwa malipo ya mkononi. Agosti 2019 baba alifariki. Sikwenda. Niliogopa kwamba nikitoka nje ya nchi, miaka niliyokaa bila makaratasi ingenifungia mlango wa kurudi na kuharibu ombi la watatu. Kaka yangu alisema, "Wewe kaa, sisi tutamzika," na hakuniongezea neno jingine. Nilikaa.

Juni 2021 USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia maombi ya uhamiaji, ilitangaza utaratibu mpya: ombi linalosubiri likionekana ni la nia njema, na mwombaji hana tatizo la usalama, anapewa kibali cha kazi cha miaka minne na kuahirishiwa kufukuzwa nchini wakati anasubiri viza yenyewe. Barua yangu ilifika Machi 2022. Wiki ile ile niliomba kazi kwenye kampuni ya kukarabati viyoyozi, kwa jina langu kamili, na nikakatwa kodi kwenye mshahara. Nilifurahi kukatwa kodi. Niliihifadhi hati ile ya kwanza ya mshahara ndani ya Msahafu.

Desemba 2023 nilisikia habari iliyoniudhi kuliko nyingi. Waendesha mashtaka wa shirikisho mjini Boston waliwashtaki watu wawili kwa kupanga unyang'anyi wa uongo kwenye maduka, mwenye kaunta anainua mikono mbele ya kamera, "jambazi" anatoroka, kisha mwenye kaunta anaomba viza ya U. Nilizima redio. Kila mtu aliyeinua mikono kwa uongo amemwongezea shaka yule aliyeinua kwa kweli. Kuna vijana waliopigwa risasi kwenye kaunta kama ile yangu, na sasa afisa anayesoma maombi yao atasoma akiwa na shaka. Wapo hata wa kwetu waliowahi kuniuliza kwa sauti ya chini, kama wanataka siri ya biashara, mimi nilipangaje. Niliwaonyesha kiganja.

Ombi lilikubaliwa Oktoba 2024, mwaka mpya wa fedha ulipofungua viza zake. Miaka saba na miezi minne. Hadhi ya U ni ya miaka minne, na baada ya mitatu unaweza kuomba grinikadi, mradi usitoke nje zaidi ya siku 90 kwa mara moja au 180 kwa jumla, na usikatae kusaidia polisi bila sababu ya msingi wanapokuita. Kadi ya mpelelezi bado ninayo kwenye pochi.

Kwa wanaosubiri leo naongeza jambo moja lisilofurahisha. Mwanzoni mwa 2025 maafisa wa ICE, idara inayokamata na kufukuza wahamiaji, waliondolewa maelekezo ya 2021 yaliyowataka wawaangalie waathirika wa uhalifu kwa namna ya pekee. Stakabadhi mkononi haimkingi mtu kama tulivyozoea kufikiri. Iweke nakala kwenye simu, mpe na mtu unayemwamini, na namba ya wakili uijue kwa kichwa.

Upande wa Tanga kazi ilikuwa ya majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, jina langu la mwisho lina herufi "i" mwishoni. Kwenye pasipoti yangu halina. Kwetu jambo hilo halimsumbui mtu, lakini ubalozini baba wa kwenye cheti na baba wa kwenye ombi wangeweza kuwa watu wawili. Mke wangu alikwenda RITA, ofisi ya serikali ya vyeti vya kuzaliwa, akaenda kwa wakili kuapa kiapo cha majina, akatafuta nakala safi ya cheti cha ndoa, kwa wiki sita za kupanda basi la Tanga na Dar es Salaam.

Miadi yao ilikuwa Machi 2025, ubalozi wa Marekani, Msasani, asubuhi. Binti yangu alikuwa amebakiza wiki mbili kutimiza miaka 16. Simu haziingii ndani, waliziacha kwa mama anayeuza vinywaji ng'ambo ya barabara. Huku Houston ilikuwa usiku wa manane. Sikulala. Nilikaa jikoni na simu mezani, saa saba, saa nane, saa tisa, saa ile ile ya kisu.

Saa tisa na dakika arobaini iliita. Nilisikia magari, nikasikia mtu anahema kama aliyekimbia.

"Baba," akasema binti yangu, "wamebaki na pasipoti zetu."

Yeye alidhani wamenyang'anywa, kumbe ubalozi ukikubali hubaki na pasipoti ili kubandika viza. Nilimwambia ampe mama yake simu.